Geneva: Jiji Linalomrudishia Mfanyabiashara Saa Zake

Dakika saba! Treni inayotoka kituo kilichoungana na uwanja wa ndege wa Geneva inakufikisha Cornavin, kituo kikuu katikati ya jiji, kwa dakika saba. Hupatani bei ya teksi, hukai foleni ya barabarani, humpigii dereva simu mara tatu kumuuliza amefika wapi. Unashuka na begi lako, unateremka kwa miguu kufuata Rue du Mont-Blanc, na mara Ziwa Léman linajitandaza mbele yako, maji yakirushwa angani kimo cha mita 140. Ni mara yangu ya kwanza Geneva, nimekuja kwa shughuli za mazao, na tangu nilipotia mguu hapa kila mfanyabiashara mwenzangu anayenipigia simu namwambia neno moja tu: ukipewa nafasi ya kuchagua mahali pa miadi Ulaya, chagua hapa.

Utaambiwa ni ghali. Ni kweli, na sababu yake inaeleweka. Mwaka 2020 wananchi wa jimbo la Geneva walipiga kura kuweka kima cha chini cha mshahara, kikaanza na faranga 23 kwa saa, na tangu hapo kimekuwa kikipanda. Anayekuletea sahani, anayefagia ukumbi wa mkutano, anayekupangia chumba, wote wamo kwenye bei unayolipa. Tena bili ya mgahawani imeshajumuisha huduma kisheria na hakuna anayekudai bakshishi. Ukipenda acha chenji ndogo, usipoacha hakuna wa kununa. Lakini hesabu ya safari ya kikazi haiishii kwenye faranga. Kuna saa. Jiji hili linakulipa kwa saa, tena linalipa vizuri! Asubuhi niliingia ofisi mbili, mchana nikala na mteja kando ya maji, alasiri nikaingia ofisi ya tatu, na jua bado lilikuwa juu.

Hebu tazama ni nani wamejibanza kwenye kajiji haka. Kontena zenye herufi kubwa za MSC zinazopangwa ghorofa kwa ghorofa bandarini Dar es Salaam na Mombasa, kampuni yake ina makao makuu hapa. Oryx, ambayo mtungi wake wa gesi uko kwenye majiko mengi ya Tanzania, makao yake hapa. SGS, wakaguzi wa bidhaa wanaojulikana na kila aliyewahi kusafirisha au kuagiza mzigo mkubwa, walikuwa na makao makuu hapa hadi 2025. Sucafina, wanunuzi wa kahawa wanaofanya kazi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, wako hapa. Ongeza Shirika la Biashara Duniani, ofisi zake zikiwa ufukweni kabisa, chini ya Mkurugenzi Mkuu Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria. Ongeza Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, ambacho kazi yake hasa ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa nchi kama zetu kufikia soko la nje. Ongeza UNCTAD, iliyoongozwa na Mkenya Mukhisa Kituyi kuanzia 2013 hadi 2021. Karibu mnyororo mzima wa kahawa yako, yaani mnunuzi, msafirishaji wa meli na wanaotunga kanuni za biashara, unaweza kuutembelea kwa tramu!

Na tramu zenyewe ni bure kwako. Mgeni yeyote anayelala kwenye hoteli au hosteli ya Geneva anastahili kadi ya usafiri ya wageni, ambayo inafanya kazi siku zote za kukaa kwake. Hoteli nyingi siku hizi huituma kwenye barua pepe, kwa hiyo kagua ujumbe wao kabla hujasafiri. Usipoiona, waandikie uwaulize. Kadi hiyo ndiyo tramu, ndiyo basi, ndiyo treni za ndani ya eneo la Geneva, na ndiyo hata boti za kuvuka ziwa. Tramu namba 15 inakutoa Cornavin hadi Nations, mbele ya bendera za Umoja wa Mataifa, kwa mwendo wa dakika chache. Hapo ndipo utakapoiona ile kanuni ya kutisha ya uaminifu: hakuna geti, hakuna kondakta, unabonyeza kitufe cha mlangoni na kuingia. Lakini wakaguzi hupanda ghafla, na asiye na tiketi hulipa faini kubwa bila mjadala. Asiyelala hotelini anunue tiketi kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda.

Boti! Lazima nikae hapa kidogo. Zinaitwa Mouettes, ni vyombo vidogo vya rangi nyekundu na njano, na kampuni yake ilianza mwaka 1897. Hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ni usafiri wa umma, na wafanyakazi wa benki huzipanda wakiwa na mikoba yao kama wakazi wa Kigamboni wanavyopanda pantoni. Unaingilia gati ya Pâquis, ukingo wa kulia, mlango mdogo unafungwa, injini inanguruma, na dakika chache baadaye uko Molard, upande wa benki na maduka. Wakati huohuo walio kwenye daraja la Mont-Blanc wamebanana na magari. Nilivuka asubuhi ya miadi yangu ya kwanza, upepo usoni, mlima Mont Blanc wenyewe ukiwa mweupe kwa mbali kule Ufaransa, mhasibu mmoja pembeni yangu akisoma jedwali lake kwa utulivu kana kwamba maajabu haya yote hayapo. Ukiwa na mkutano upande wa pili, panga kuvuka kwa boti. Utafika kichwa kikiwa kimetulia, na kwa mtu anayekwenda kujadili bei hilo ni mtaji. Angalia tu ratiba, maana jioni ikiingia boti hupungua na kusimama.

Na yale maji yanayorushwa angani, Jet d'Eau, yana kisa ambacho kila mfanyabiashara angepaswa kukijua. Mwaka 1886 mtambo wa maji wa jiji ulikuwa ukisukuma nguvu kwenye karakana za mafundi. Jioni mafundi walipofunga mashine zao kwa pamoja, msukumo ulizidi mabombani, ikabidi ifunguliwe valvu ya kuutoa nje, maji yakaruka. Watu wakayapenda! Mwaka 1891 wakayahamishia ziwani yaonekane vizuri, na mtambo wa sasa ni wa mwaka 1951: lita 500 kila sekunde, yakitoka kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa. Msukumo uliokuwa usumbufu wa kiwanda umegeuzwa nembo ya jiji zima. Upepo ukivuma sana huzimwa, kwa hiyo ukifika usiyaone, jaribu tena kesho yake.

Sasa tujiandae vizuri, kwa sababu raha yote hii inaanzia nyumbani. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008, na viza ya muda mfupi inakupa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari. Usingoje zile siku 15 za mwisho zilizotajwa kwenye kanuni. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Mwenyeji wako akuandikie barua ya mwaliko inayotaja tarehe, sababu ya ziara na nani analipa nini. Barua isiyojibu maswali hayo matatu ni karatasi tu. Chagua tarehe kwa akili pia. Geneva ni ndogo, na mikutano mikubwa hujaza vitanda vyote: maonyesho ya saa yanayofanyika Palexpo msimu wa Aprili, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwezi Mei, mkutano wa Shirika la Kazi mwezi Juni. Ukiweza kusogeza miadi yako wiki mbili mbele au nyuma, bei ya chumba itakuonyesha tofauti.

Wanaokuja kwenye maonyesho yoyote ya Palexpo wana bahati ya pekee: kumbi ziko jirani kabisa na uwanja wa ndege, unatembea kwa miguu. Unaweza kutua asubuhi na mchana ukawa unapanga sampuli mezani. Kwa sampuli, kahawa, chai na viungo vikavu havina shida ya ajabu ukiwa na karatasi zake, lakini nyama na vyakula vya maziwa kutoka nchi za nje ya Ulaya haviruhusiwi kwenye begi. Ile nyama kavu ya shangazi iache nyumbani.

Halafu plagi, kitu kidogo kinachoweza kukuharibia asubuhi nzima. Soketi ya Uswisi si ile ya miguu mitatu bapa tuliyoizoea Afrika Mashariki, na si ile ya Ujerumani wala Ufaransa pia. Ni tundu dogo lenye pembe sita, limezama ukutani, na ndani yake kuna matundu matatu membamba ya mviringo. Plagi nyembamba ya miguu miwili, kama ya chaja nyingi za simu za Ulaya, inaingia sawasawa. Ile nene ya duara ya kompyuta iliyonunuliwa Ujerumani inagonga ukingo na kukataa. Hata adapta nyingi zinazouzwa kwa jina la «Ulaya» zina kichwa kinene, nazo hugonga vilevile. Nunua adapta iliyoandikwa Uswisi, au ile ya dunia nzima yenye miguu myembamba. Umeme wenyewe ni volti 230, haudhuru chochote ulichotoka nacho.

Laini ya simu nayo iangaliwe. Vifurushi vingi vinavyosema vinafanya kazi Umoja wa Ulaya mzima haviihesabu Uswisi, na bando lako linaweza kuyeyuka kabla hujatoka uwanjani. Soma orodha ya nchi kabla ya kulipia. Kwa upande wa saa, tuna neema: kipupwe chao Geneva iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili, na kiangazi kwa saa moja tu. Mteja akikuuliza swali saa nne asubuhi, ofisi yako nyumbani iko wazi na jibu unalipata papo hapo. Mwenzako aliyetoka Marekani hana bahati hiyo!

Fedha ni faranga ya Uswisi. Kadi inapokelewa karibu kila mahali, hadi kwenye kikombe kimoja cha kahawa. Utawaona wenyeji wakilipa kwa simu kupitia Twint, ambayo kwa matumizi ya kila siku itakukumbusha M-Pesa, ila inataka akaunti ya benki ya Uswisi, kwa hiyo mgeni abaki na kadi yake. Euro hupokelewa katika maduka mengi, lakini chenji utapewa kwa faranga na kiwango ni cha mwenye duka. Na hili liandike: kama jamaa amekupa faranga alizobaki nazo kwenye safari ya zamani, zitazame. Noti za toleo la nane ziliondolewa kwenye mzunguko Aprili 30, 2021. Dukani hazipiti tena, ila Benki Kuu ya Uswisi inazibadilisha bila ukomo wa muda. Hazijapotea.

Kuhusu adabu za kikazi, hakuna kitakachomshinda mtu wa pwani, maana hapa salamu ndiyo mlango. Ukiingia dukani, kwenye lifti, kwenye chumba cha mkutano, sema «Bonjour» kwanza, ndipo uulize. Mkutanoni unampa mkono kila mmoja, unataja jina lako, na ukiondoka unampa mkono kila mmoja tena. Tumia Monsieur na Madame mpaka mwenyewe akuambie jina lake la kwanza. Na muda ni muda. Miadi ya 14:00, ambayo kwetu ni saa nane mchana, maana yake saa nane kasoro dakika tano uko mapokezi na kitambulisho mkononi. Kama unakwenda Palais des Nations, ongeza muda wa kutosha: wageni hupita ukaguzi, pasipoti halisi inahitajika, na mwenyeji anapaswa awe amekusajili mapema. Nilifurahi mno kuona kuwa uzito huu wa muda unafanya kazi pande zote mbili. Niliambiwa nusu saa, nikapewa nusu saa kamili, simu imewekwa pembeni, macho kwenye karatasi zangu. Nusu saa ya namna hiyo ni nadra.

Chakula cha mchana kina dirisha lake: kuanzia saa sita hadi saa nane, kisha majiko mengi hufungwa mpaka jioni. Na hapa naomba nikuelekeze mahali pamoja ambapo ningempeleka mteja yeyote, mkubwa au mdogo: Bains des Pâquis. Ni jengo la zege la kuogelea la umma, lililojengwa mwaka 1932 kwenye gati lililoingia ziwani, na mnara wa taa mweupe uko mwishoni. Miaka ya 1980 jiji lilitaka kulivunja na kujenga upya. Wananchi wakapiga kura mwaka 1988 wakakataa, likabaki lao. Unapanga foleni kaunta, unachukua trei, unapata chakula cha siku kwa bei ambayo huipati kwenye mikahawa ya hoteli kubwa za ng'ambo ya barabara. Kisha unakaa kwenye meza ndefu, mwanasheria mwenye tai upande huu, binti aliyetoka kuogelea upande ule, nywele zinachuruzika. Wakati wa baridi kuna sauna na hamamu, na kuna fondue: chungu cha jibini iliyoyeyuka juu ya moto mdogo, kila mtu na uma wake mrefu, mnachovya vipande vya mkate kwa zamu. Kula kwa chungu kimoja kunalainisha mazungumzo kuliko wasilisho lolote la kompyuta! Ila Waislamu wajue mapema kwamba fondue hupikwa kwa divai. Badala yake waagize minofu ya perche iliyokaangwa kwa siagi, na ndimu pembeni. Usimfikirie sangara wa Mwanza, huyu ni samaki mdogo wa kiganja. Uliza kwanza kama mchuzi wake hauna divai, na kama unataka aliyevuliwa ziwani humu uliza hilo pia, kwani wanaovuliwa hawatoshi na wengi huletwa kutoka nje.

Mtaa wa Pâquis nyuma yake una migahawa ya Kihabeshi, ya Kiarabu na ya Kituruki, na nyama halali inapatikana bila tabu. Msikiti mkubwa uko Petit-Saconnex, uliofunguliwa mwaka 1978, karibu na eneo hilohilo la mashirika ya kimataifa. Mwenye mikutano ya Ijumaa anaweza kuswali na kurudi kazini. Maji usinunue. Ya bomba ni safi, na chemchemi za mitaani zinajaza chupa yako bure isipokuwa pale palipoandikwa «eau non potable».

Jumapili maduka hufungwa. Yaliyomo ndani ya Cornavin na uwanja wa ndege hubaki wazi, basi.

Wenye bajeti nyembamba wana njia moja ya halali kabisa: kulala Annemasse, upande wa Ufaransa. Treni ya Léman Express, iliyozinduliwa Desemba 2019, imeunganisha miji hii miwili kwa dakika ishirini na ushee, na viza ya Schengen hata ya kuingia mara moja inatosha kwa sababu nchi zote mbili zimo. Tembea na pasipoti siku zote. Ukilala huko, kadi ya bure ya usafiri ya Geneva huipati, kwa hiyo ingiza nauli kwenye hesabu kabla ya kushangilia bei ya chumba. Kwa mtu mwenye mikutano ya asubuhi na jioni, mimi ningelala Geneva.

Ukibahatika kupata alasiri iliyo wazi, panda tramu 18 hadi mwisho, CERN. Hapo ndipo Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989, na tangu Oktoba 2023 kuna Science Gateway, jumba la maonyesho ambalo kiingilio chake ni bure. Biashara yako ya mtandaoni, tovuti yako, agizo la mteja wa Oman lililoingia usiku, vyote vina asili yake kwenye hicho kitongoji cha mwisho wa reli! Kama huna muda wa kwenda mbali, panda tramu 12 hadi Carouge ukanywe kahawa chini ya miti, na kumbuka kwamba njia hiyo ilianza mwaka 1862 kwa mabehewa ya kukokotwa na farasi.

Siku ya kuondoka, kama umenunua kitu cha faranga 300 au zaidi katika duka moja, hakikisha ulionyesha pasipoti na kupewa fomu ya kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango cha kawaida ni asilimia 8.1, si pesa ya kuacha mezani. Uwanjani nenda forodhani kwanza, bidhaa ikiwa bado kwenye begi unaloweza kulifungua, fomu igongwe muhuri, ndipo ukakabidhi mizigo. Na kama ndege ni ya usiku, acha begi kwenye makabati ya Cornavin, vuka ziwa kwa Mouette mara moja zaidi, ule chakula cha mchana Pâquis, kisha uipande treni yako ya saa kumi na mbili jioni huku umeshaandika barua za kuwashukuru wote uliokutana nao.